Nani alimmaliza Buster Keaton? Stori ya mchekeshaji ambaye filamu zake hazikuwa mali yake

Kuna maelezo yanarudiwa sana kila zinapotajwa sinema za zamani zisizo na sauti, kwamba ilipofika 1927 sinema zikaanza kuongea na wachekeshaji wote wa zamani wakafa kikazi papo hapo, na mfano unaotolewa mara nyingi ni Buster Keaton. Maelezo haya ni mepesi na yanaingia akilini haraka, shida ni kwamba ukikaa ukaangalia miaka na mikataba unakuta hayashiki. Keaton alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyekulia jukwaani, alitaka mwenyewe kufanya sinema za sauti, na hizo za sauti alizokuja kufanya ziliingiza hela kuliko zile za kimya. Kilichomwangusha kinahusu nani alikuwa mwenye studio, nani alikuwa shemeji wa nani na jina la nani lilikuwa kwenye makaratasi. Ngoja tuifumue taratibu maana ina mafundo mengi.

Kwa ambao jina ni geni, nadhani ile klipu mmewahi kukutana nayo kwenye simu. Jamaa kasimama mbele ya nyumba katikati ya kimbunga, kofia hana, uso hauna hata dalili ya wasiwasi, alafu ukuta mzima wa mbele wa nyumba unang'oka na kumwangukia, na yeye anapona kwa sababu amesimama pale pale ambapo dirisha la juu lililo wazi linatua. Hiyo ni Steamboat Bill, Jr. ya 1928 na huyo ndo Keaton. Na kama hiyo hukuiona basi huenda umeona ya Jackie Chan, maana kwenye Project A Part II ya 1987 Jackie aliirudia ile ile ya ukuta kuanguka, na hajawahi kuficha kwamba Keaton ni mmoja wa watu waliomfundisha kazi kupitia sinema zao. Yani sisi tuliokulia vibanda umiza tukishangilia Jackie anavyoruka ukuta na kupigana na ngazi na viti, sehemu ya tulichokuwa tunashangilia ilitengenezwa California kabla wazazi wetu hawajazaliwa.

Jina lake kamili ni Joseph Frank Keaton, kazaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 kijiji cha Piqua jimbo la Kansas, baba Joe na mama Myra walikuwa wasanii wa jukwaani wa kuzunguka mji hadi mji. Mtoto akaingizwa kwenye onyesho akiwa mdogo kabisa na kundi likaitwa The Three Keatons. Onyesho lenyewe lilikuwa hivi, mtoto anamchokoza baba na baba anamrusha, anamrusha sakafuni, anamtupa kwenye mapazia, na kwenye nguo ya mtoto mgongoni walikuwa wameshona mshikio wa sanduku ili baba apate pa kumkamatia. Wale wa kulinda haki za watoto kule New York waliwaandama miaka na miaka, na nadhani hata sisi leo tungewaandama. Lakini pale ndo alipata vitu viwili vilivyombeba maisha yote. Cha kwanza ni namna ya kuanguka bila kuvunjika. Cha pili aligundua mwenyewe akiwa bado mtoto, kwamba akianguka halafu akacheka watazamaji wanacheka kidogo, ila akianguka halafu akakaza uso kama hakuna kilichotokea ukumbi mzima unapasuka. Ule uso uliokuja kuitwa uso wa jiwe haukutokana na huzuni wala ugonjwa kama wengine wanavyosimulia, ni hesabu ya mtu aliyekuwa anasikiliza watazamaji kila usiku.

Mwaka 1917 kundi likawa limevunjika, baba alishazidiwa na pombe. Buster akaenda New York na alikuwa na dili tayari la jukwaani la dola 250 kwa wiki. Kabla hajaanza akakutana na Roscoe Arbuckle, yule mchekeshaji mnene aliyekuwa moja ya majina makubwa kabisa ya sinema wakati ule, akakaribishwa studio, akacheza kidogo kwenye The Butcher Boy, na kwa maelezo yake mwenyewe akaomba kamera akaenda nayo anakolala akaifungua vipande vipande ili aone inafanyaje kazi. Akaacha zile 250 akachukua kazi ya sinema kwa dola 40 kwa wiki. Hapa kwenye hizo dola 40 pakumbuke, kwa sababu ndo tabia yake yote ya pesa. Kilichokuwa kinamsisimua ni mashine na kazi yenyewe, makaratasi aliwaachia wengine.

Na aliyeachiwa makaratasi anaitwa Joseph Schenck. Huyu ndo prodyuza aliyekuwa nyuma ya Arbuckle. Keaton akaenda jeshini 1918, akapelekwa Ufaransa na akarudi masikio yameharibika kiasi, akaendelea na Arbuckle, alafu 1920 Arbuckle akapelekwa kwenye filamu ndefu na Schenck akamkabidhi Keaton kikosi na studio, na studio yenyewe ilikuwa ile ambayo Chaplin aliwahi kuitumia. Mwaka uliofuata Keaton akamuoa Natalie Talmadge, ambaye dada yake Norma, staa mkubwa wa filamu, alikuwa mke wa Schenck. Kwahiyo boss akawa shemeji. Kampuni ikaitwa Buster Keaton Productions, jina lake liko juu ya mlango kabisa, ila Keaton hakuwa na hisa humo ndani. Alikuwa anapokea mshahara wa wiki na robo ya faida. Ni kama fundi aliyejenga nyumba kali sana kwenye kiwanja cha mtu, siku mwenye kiwanja akibadili mawazo fundi anabeba mwiko wake anaondoka.

Linganisha na wenzake wawili wa wakati ule ule. Charlie Chaplin alijenga studio yake mwenyewe na 1919 akawa mmoja wa waanzilishi wa United Artists, kampuni ya kusambaza filamu iliyomilikiwa na wasanii. Harold Lloyd, yule wa miwani anayening'inia kwenye saa ya ghorofa, alipofika katikati ya miaka ya 20 alikuwa na kampuni yake na filamu ni zake. Keaton alikuwa na shemeji mwema. Na nasema mwema kwa kumaanisha, maana kwa miaka minane Schenck karibu hakumwingilia kabisa kwenye kazi, alitoa hela akaacha watu wafanye, na bila uhuru ule hizi filamu tunazozisifia zisingekuwepo. Lakini uhuru wa kupewa na mtu na uhuru wa kumiliki ni vitu viwili, na tofauti huioni mpaka siku ya matatizo.

Sasa uhuru wenyewe ulikuwaje? Hakukuwa na skripti. Keaton na kikosi chake, watu kama Clyde Bruckman na Jean Havez kwenye kutunga vituko, Elgin Lessley kwenye kamera, Fred Gabourie kwenye kujenga mitambo na majengo, walikaa wakatafuta mwanzo mzuri na mwisho mzuri, na katikati wakaamini patajipanga penyewe wakati wa kupiga picha. Wakikwama wanatoka nje wanacheza besiboli mpaka mtu apate wazo. Inasikika kama uvivu lakini angalia matokeo. Kwenye One Week ya 1920 bwana na bibi harusi wapya wamepewa nyumba ya kujijengea wenyewe kwa vipande vyenye namba, mtu mwenye wivu anabadilisha namba, nyumba inatoka imepinda kila upande, mwisho inabidi waivute kwenda kwenye kiwanja kingine na inakwama juu ya reli. Treni inakuja kwa kasi, wanafumba macho, na treni inapita pembeni kwenye reli ya pili. Unashusha pumzi pamoja nao, na sekunde hiyo hiyo treni nyingine kutoka upande wa pili inaigonga nyumba inakuwa kuni. Ile ni filamu ya dakika kama 20 na miaka zaidi ya 100 imepita na bado inakukamata, kwa sababu walijua kabisa macho yako yanaangalia wapi na wewe unawaza nini.

Au chukua The Playhouse ya 1921, ambapo Keaton ndo wapiga muziki wote, ndo wacheza dansi, ndo watazamaji, na kuna sehemu wako Keaton tisa wamepangana jukwaani. Hakukuwa na kompyuta. Lessley alikuwa anaziba lenzi na kuacha kipande kimoja wazi, anazungusha kamera kwa mkono, alafu anairudisha filamu nyuma mpaka mwanzo na kupiga kipande kinachofuata kwenye mkanda ule ule, mara tisa, na mkono wake lazima uzunguke kwa mwendo ule ule kila mara la sivyo wale Keaton wanaachana na kazi yote inatupwa.

Kuanzia 1923 wakaingia kwenye filamu ndefu. Our Hospitality, alafu Sherlock Jr. ya 1924 ambayo mtu wa kuonyesha sinema analala usingizi na kuingia ndani ya sinema yenyewe, na ni humo humo maji ya tenki la reli yalimwangusha kwa nguvu akapiga shingo kwenye chuma, akaendelea na kazi akilalamika kichwa tu, miaka ilipita ndo picha ya eksirei ikaonyesha kwamba alikuwa amevunjika mfupa wa shingo. The Navigator ya mwaka huo huo, iliyopigwa kwenye meli kubwa ya kweli, ikauza sana. Na ule ukuta wa Steamboat Bill ulikuwa ukuta mzito wa kweli, waliujenga imara makusudi usipindishwe na upepo wa mashine, wakapima dirisha kwa mwili wake, na kwa maelezo yake mwenyewe nafasi iliyobaki ilikuwa kama inchi mbili tu, visigino vikawekewa alama ya misumari chini. Angesogea nusu hatua tusingekuwa na stori ya kuendelea.

Filamu iliyobadilisha kila kitu ni The General. Hadithi imetokana na tukio la kweli la vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1862, wapelelezi wa Kaskazini waliiba treni huko Georgia wakakimbia nayo na wenye treni wakawafukuza. Keaton akaigeuza akamfanya steringi awe dereva wa treni wa upande wa Kusini, uamuzi ambao leo mtu akiangalia kwa jicho la Mwafrika hauwezi kumpita hivi hivi, maana upande ule ulikuwa unapigania kuendelea na utumwa na filamu hailigusi kabisa jambo hilo. Nalisema kwa sababu watu wengi wanaisifia wakiruka hapo. Sababu aliyotoa Keaton ni ya kimchezo, kwamba watazamaji wasingekubali kuona upande ulioshindwa unafanywa adui wa kuchekwa.

Upigaji picha ulifanyika Cottage Grove, Oregon, kiangazi cha 1926, kwa sababu kule reli zilifanana na za zamani na kulikuwa na treni za kuendana. Askari wa akiba wa Oregon wakawa majeshi yote mawili, asubuhi wanavaa sare za huku na mchana za kule. Cheche za treni zikawasha moto misituni wakawa wanasimamisha kazi wanazima. Humo ndani kuna tukio moja dogo ambalo ukitaka kumwelewa Keaton liangalie mara kadhaa. Amekaa mbele ya treni inayotembea, chini karibu kabisa na reli, amekumbatia gogo zito la taruma alilolitoa njiani. Mbele anaona gogo lingine limewekwa juu ya reli, likiguswa treni inaanguka. Hana muda wa kushuka. Anainua lile la mikononi analitupa juu ya ncha ya lile la relini, lile la relini linapinduka linaruka pembeni, na magogo yote mawili yameondoka kwa mpigo mmoja. Hakuna mbadala wa mwili, hakuna kukata picha katikati, na treni inatembea kweli. Hapo kichekesho na fizikia ni kitu kimoja, unacheka kwa sababu umeona mtu anafikiri mbele ya macho yako.

Alafu tarehe 23 Julai 1926 wakatuma treni ya kweli juu ya daraja la mbao lililokatwa na kuchomwa moto, mbele ya maelfu ya watu wa pale waliokuja kuangalia, ikatumbukia mtoni. Gharama ya tukio lile inayotajwa ni dola 42,000 na mara nyingi linaitwa tukio ghali kuliko yote ya enzi ya sinema za kimya. Treni ikabaki mtoni pale pale mpaka wakati wa vita kuu ya pili ilipotolewa kwenda kuwa chuma chakavu. Filamu nzima ilitumia kama dola 750,000, na mauzo ya Marekani hayakufika hata nusu milioni. Wakosoaji wengi wa magazeti wa 1927 waliiponda, wakasema ndefu, inachosha, na vita sio jambo la kuchekea. Filamu hiyo hiyo ndo mwaka 1972 ilikuja kuingia kwenye kumi bora za dunia za jarida la Sight and Sound, na 1989 ikawa kwenye kundi la kwanza kabisa la filamu zilizochaguliwa kuhifadhiwa kitaifa Marekani.

Hapa ndo fundo kuu. Hasara ya The General ingemkuta Chaplin angeumia mfukoni na kuendelea. Ikimkuta mtu asiye na hisa, anayeamua ni mwenye hisa. Matumizi yakaanza kubanwa, akawekewa msimamizi, College ya 1927 ikawa filamu ya tahadhari, Steamboat Bill nayo haikurudisha vizuri. Schenck wakati huo ndo alikuwa akiiendesha United Artists na mambo yake yalikuwa mengi, akaamua kufunga studio ya Keaton, na akamshauri ahamie MGM, moja ya studio kubwa kabisa za Hollywood. Sasa angalia familia ilivyo. MGM ilikuwa chini ya kampuni mama ya Loew's, na Loew's ilikuwa inaongozwa na Nicholas Schenck, mdogo wake Joseph. Yani staa alitolewa kwa kaka akapelekwa kwa mdogo. Chaplin alimwonya asiende, Lloyd naye alimwonya, wote wakamwambia atapoteza uhuru wa kufanya kazi kwa namna yake. Akasaini mwanzoni mwa 1928 kwa dola 3,000 kwa wiki. Kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 1960 ameandika kwamba lile lilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyofanya maishani.

Tazama tarehe tena, 1928, na bado sinema zake za MGM za mwanzo zilikuwa za kimya. Kwahiyo kuanguka kulianza kabla yeye hajaingia kwenye sinema za sauti. Ya kwanza, The Cameraman, ilitoka nzuri sana kwa sababu alifanikiwa kuiponyoka studio kidogo. Alipewa skripti nene yenye wahusika kibao, wakaenda New York, watu wakamjazana barabarani kazi haifanyiki, akatumia nafasi hiyo kuomba aachiwe afanye kwa akili yake. Humo ndo kuna ile sehemu yuko peke yake ndani ya Yankee Stadium iliyo tupu anacheza besiboli nzima bila mpira, anarusha, anadaka, anakimbia, na unauona mpira ambao haupo. Na ya wanaume wawili wanaobadilisha nguo kwenye chumba kimoja chenye upana wa mtu mmoja, vurugu tupu, mwenzie kwenye chumba kile alikuwa Edward Brophy, ambaye wakati ule wala hakuwa mwigizaji wa filamu hiyo bali mtu wa utawala wa kikosi. Spite Marriage ya 1929 ndo ilikuwa ya mwisho ya kimya, na hii wengi hawaijui, Keaton mwenyewe ndo aliomba ifanywe na sauti. Studio ikakataa. Mtu anayesemwa aliuawa na sauti ndo alikuwa ameisogelea, mlango ukafungwa na wengine.

Walipompa sauti hatimaye, kuanzia Free and Easy ya 1930, walimpa na vitu vingine asivyovitaka. Skripti zilizojaa maneno ya utani wa mdomo. Nyimbo. Maprodyuza wengi kila mmoja na ushauri wake. Kikosi chake cha zamani kilishatawanywa, Gabourie huku, watunzi kule. Michezo ya hatari alikatazwa kwa sababu sasa alikuwa mali ya kampuni na mali haitakiwi kuvunjika. Lakini kilichoharibika zaidi mimi naona ni tabia ya mhusika. Kwenye filamu zake mwenyewe Keaton sio mjinga, ni mtu mdogo mwenye akili na bidii aliyewekwa kwenye dunia kubwa inayomkataa, na anaishinda kwa kujifunza inavyofanya kazi, awe na treni au meli au nyumba. MGM wakamgeuza kuwa zuzu, mara nyingi anaitwa Elmer, anayejikwaa na kuonewa huruma. Free and Easy inaisha yeye kapakwa rangi za mchekeshaji mwenye huzuni. Mtu aliyejenga kazi yake yote kwa kutoomba huruma ya mtazamaji!

Na hizi ndo ziliuza. Watu walitaka sauti, jina lake lilikuwa kubwa, MGM walikuwa na kumbi kila mahali, na kwa baadhi ya filamu walimrudisha azipige upya kwa lugha za kigeni akikariri matamshi tu ili ziuzwe nje. Ukiwa boss unaangalia hesabu unaona kila kitu kiko sawa, huyu analalamika nini? Ndo maana alikosa pa kushika. Kama zingekuwa zinafeli angeweza kusema niachieni nifanye kwa njia yangu.

Nyumbani nako kulikuwa kunaungua. Pombe ikamzidi, ndoa na Natalie ikavunjika 1932, akapoteza nyumba kubwa ya Beverly Hills, na watoto wake wawili wa kiume wakabadilishwa jina la ukoo kutoka Keaton kuwa Talmadge. Kazini MGM wakamuunganisha na Jimmy Durante, mchekeshaji wa maneno mengi, wawili ambao hawakuendana kabisa. Mwanzoni mwa 1933 Louis B. Mayer, boss wa studio ya MGM, akamfukuza. Wapo wanaosema hapana, kilichomwangusha ni pombe basi, na siwezi kuifuta pombe kwenye hii stori, ilikuwa kweli na ilimfanya akose kazini. Ila fuata mpangilio wa miaka, studio imefungwa 1928, kikosi kimetawanywa, ndo ulevi unakuja kuwa mkubwa kiasi cha kuzuia kazi.

Kama bado unadhani sauti yenyewe ndo sumu, angalia Laurel na Hardy, wale wachekeshaji wawili, mnene na mwembamba. Wale walivuka kutoka kimya kwenda sauti bila kukwaruzwa na miaka yao bora ni ya miaka ya 30, wakiwa kwa prodyuza Hal Roach ambako Stan Laurel alikuwa anaachiwa kushika kazi ya utunzi na hata uediti. Wakaenda studio ya Fox 1941, Laurel akapokonywa ule usukani, na filamu zao zikapooza hapo hapo. Sauti ilikuwepo muda wote, kilichobadilika ni nani anaamua. Na Chaplin alikaa na City Lights ya kimya mwaka 1931, miaka minne baada ya sinema kuanza kuongea, na hakuna mtu wa kumuuliza, kwa sababu pesa zilikuwa zake.

Miaka iliyofuata niipitie haraka, sio kwa sababu haina kitu ila inafanana. Filamu fupi za bei rahisi kwa Educational Pictures kuanzia 1934, nyingine kumi kwa Columbia kuelekea 1941, na kurudi MGM ile ile kama mtunzi wa vituko wa kuwasaidia wengine, hasa mchekeshaji Red Skelton, kwa sehemu ndogo sana ya mshahara wa zamani. Lililo jema ni kwamba 1940 alimuoa Eleanor Norris, mcheza dansi wa MGM, wakaishi vizuri mpaka mwisho, na watu wengi waliomjua walimpa Eleanor sifa ya kumsimamisha tena.

Filamu zenyewe zilikuwa wapi? Hili nalo lina mkanganyiko wake. Mikanda ya wakati ule ilikuwa ya naitreti, inaoza yenyewe na inashika moto vibaya, na hakuna aliyeona sababu ya kutunza vichekesho vya zamani. Juu ya hapo sheria ya Marekani ya wakati ule ilitoa hakimiliki ya miaka 28, alafu mwenye mali anatakiwa aombe upya apewe mingine 28. Mwenye mali sio Keaton. Kwahiyo ilipofika katikati ya miaka ya 50, The General haikuombewa upya na ikawa mali ya umma. Mwandishi James Agee alikuwa ameshawakumbusha watu kwenye jarida la Life mwaka 1949 kwamba Keaton ni mmoja wa wakubwa wanne wa vichekesho vya kimya, na mwigizaji James Mason, aliyekuja kuinunua ile nyumba ya Beverly Hills, akakuta makopo ya filamu za Keaton yamebaki pale. Alafu akatokea Raymond Rohauer, mtu wa kumbi za sinema Los Angeles, aliyezikusanya, akazinakilisha kwenye mikanda salama na kuzirudisha kumbini. Rohauer analaumiwa na wengi kwa ukali wake wa kudai hakimiliki hata pale ambapo haki yenyewe ilikuwa na utata, na lawama ina msingi, ila bila kelele zake baadhi ya filamu hizi zingeoza. Vyote viwili ni kweli.

Keaton aliwahi kuyaona matunda. Mwaka 1952 alicheza na Chaplin kwenye Limelight, 1960 akapewa Oscar ya heshima, na 1965 tamasha la Venice likamsimamia na kumpigia makofi marefu. Alifariki tarehe 1 Februari 1966 kwa saratani ya mapafu, miaka 70, na alikuwa bado anafanya kazi karibu mpaka mwisho.

Leo filamu zake zote za studio yake ya zamani ni huru kisheria kule Marekani, na hata The Cameraman iliyokuwa imeshikiliwa na MGM iliingia mali ya umma tarehe 1 Januari 2024. Ndo maana zimejaa YouTube bure. Ila uwe makini na kopi, kwa sababu uhuru ule unamruhusu yeyote kupakia chochote, na nyingi zimetoka kwenye mikanda iliyochakaa, nyeupe mpaka nyuso hazionekani, au zimechezeshwa kwa kasi isiyo yake watu wanakimbia kimbia hovyo na muda wote wa kichekesho unaharibika. Tafuta iliyoandikwa imekarabatiwa, jaribu mbili tatu kabla hujatulia na moja. Anza na One Week kwa sababu ni fupi, ukiipenda nenda Sherlock Jr. ambayo haifiki hata saa moja, The General iweke jioni ambayo hauna haraka, na za MGM za sauti usiziguse mpaka umeshaona hizo tatu, kisha weka Free and Easy dakika kumi tu utaona mwenyewe ni nani alikuwa ameshika usukani.